Mkorosho wa Baba Somoe Ulizini na Nani?

Wajukuu zangu, shikamoo zenu nimezipokea zote, pamoja na zile za vikatuni vinavyopunga mkono. Marahaba. Sasa tulieni, leo bibi yenu amekasirika kidogo. Mtu aliyefanya kazi ya maabara miaka thelathini na minne akikasirika hapigi kelele. Anatafuta miwani, anakaa barazani kwake Mkomaindo, anaandika.

Anayenikasirisha ni Dani. Dani ni mjukuu wangu, na kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake kwa utani, kwa hiyo nina haki ya kumsema mbele za watu kama mke yeyote mwenye mume mzembe. Tangu anunue simu ile kubwa, kila asubuhi anatuma kwenye kundi letu la ukoo kitu kinachoanza na "Je, wajua?" Je, wajua kwamba pweza ana mioyo mitatu? Je, wajua kwamba siku moja ya sayari ya Zuhura ni ndefu kuliko mwaka wake? Mimi hufurahi. Pweza tunamwona hapa Masasi akiwa ameshakauka, yuko sokoni amekunjamana, lakini mioyo mitatu ni mingi kwa kiumbe anayeishia kwenye mchuzi wa nazi. Na hiyo Zuhura ingewafaa baadhi yenu, maana siku zenu nazo hazionekani kuwa na mwisho wala kazi.

Juzi akaleta kwamba damu ikiwa mwilini ni ya bluu, ati inageuka nyekundu ikitoka nje. Dani, mume wangu, mimi nimetoa watu damu tangu enzi za sindano za kuchemsha. Nimetoa ya wakulima, ya masheikh, ya mapadri, ya polisi, na ya mlevi mmoja aliyeimba tangu mwanzo mpaka mwisho. Yote nyekundu. Inayorudi moyoni ni nyekundu iliyoiva, inayotoka moyoni ni nyekundu ya kung'aa, basi. Bluu unayoiona mkononi ni ujanja wa ngozi na mwanga. Hilo nilikusamehe, halikumwumiza mtu.

La Jumanne sikusamehe. Aliandika hivi: "Je, wajua? Baba wa kundi A na mama wa kundi B hawawezi kupata mtoto wa kundi O. Ukiona hivyo, jiongeze." Chini yake akapanga vichwa vya kucheka kama kumi. Halafu mmoja wenu, simtaji, ana mtoto mchanga, akajibu: "Ngoja nikapime." Hapo nikaweka kikombe cha chai chini.

Sentensi hiyo naijua. Niliitunga mimi, kwa mdomo wangu huu, kabla mama yake Dani hajaota meno. Ilimtoa mwanamume nyumbani kwake miezi minne, ikamnyang'anya mtoto wa miaka sita baba yake, na ni uongo. Sikilizeni ilivyokuwa, halafu yule wa "ngoja nikapime" aamue.

Nilianza kazi nikiwa na miaka ishirini na mitatu, katika kituo kimoja cha afya huko Newala ambacho sitakitaja, kwa sababu kosa lilikuwa langu, si la kituo. Mimi ni Mmakua wa Masasi. Kwetu ukichimba unapata maji. Newala, kule juu, ukichimba unapata mchanga, ukiendelea unapata mchanga mwingine. Mvua inanyesha vizuri tu, lakini uwanda wote unaimeza, inashuka chini kwa chini na kwenda kutokeza kwenye chemchemi za bondeni. Watu wako juu, mvua yao iko chini, na akina mama ndio wa kuifuata. Mkuu wangu wa maabara, Mzee Chitanda, aliniambia siku ya kwanza: "Binti, hapa vioo vya slaidi tunaosha kwa maji ya kikombe. Ukimwaga ndoo, utateremka mwenyewe kuifuata ilikokwenda."

Mzee Chitanda alikuwa Mmakonde wa Newala, mfupi, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa mwaka mzima kwa madai kwamba Julai haijawahi kwisha kichwani mwake. Alijua mambo mengi na aliyatoa kwa kijiko. Siku moja tulimwona mama wa Kitangari anapandisha kilima na ndoo kichwani. Akasema, "Yule anabeba ndoo mbili na nusu." Nikahesabu, naona moja. Akasema, "Nyingine moja na nusu imo mwilini mwake. Zaidi ya nusu ya mtu ni maji, wewe hukufundishwa?" Nilifundishwa. Ila sikuwahi kufikiri kwamba maji hayo yana miguu na yanapanda kilima kwenda kuchota mengine.

Umeme haukuwepo. Hadubini yetu, kile chombo cha kukuza vitu visivyoonekana kwa macho, ilikuwa na kioo kidogo chini yake. Unakigeuza geuza kuelekea dirishani mpaka kikamate jua, mwanga unapanda juu na kupita kwenye tone la damu. Kwa hiyo meza ilikaa dirishani, na dirisha halikufungwa mpaka jua lizame. Nje, chini ya dirisha hilohilo, kulikuwa na benchi la wagonjwa wanaosubiri. Kumbukeni benchi hilo.

Asubuhi moja niliinama kutafuta vimelea vya malaria, nikalalamika kwamba sioni kitu. Mzee Chitanda akanivuta sikio, akasema, "Mwanga huo umeondoka kwenye jua dakika nane zilizopita. Umesafiri wote huo, haukugonga kitu, umekuja kutazama damu ya mgonjwa wako. Umefika Newala, umekutana na kichwa chako." Nikasogeza kichwa. Vimelea vikaonekana, vimejaa kama kunguni kwenye kitanda cha kamba.

Sasa ugonjwa wa Dani mimi nilikuwa nao kabla ya simu. Nilikuwa nimetoka chuoni, kichwa kimejaa, na benchi lipo hapo chini ya dirisha, watu hawana pa kwenda. Basi nikawa nawatolea elimu. Wakati ule choo cha kupimwa kililetwa ndani ya kiberiti, njiti zimetolewa. Kuna mzee alileta kopo zima la maziwa ya unga, limejaa, akaniambia, "Pima na cha jirani, nimechanganya." Nikamwambia mbele ya watu kwamba sehemu kubwa ya mzigo ule si chakula alichokula, ni vijidudu vilivyokuwa vinaishi tumboni mwake, vingi kuliko watu wote wa duniani. Akasema, "Na wote hao hawalipi kodi?" Benchi likavunjika mbavu. Niliwaambia pia kwamba bibo si tunda la mkorosho, ni kikonyo kilichonenepa, na tunda lenyewe ni korosho inayoning'inia nje. Niliwaambia mkorosho na mwembe ni ndugu wa damu, ndiyo maana utomvu wa yote miwili unaweza kukubabua midomo. Wakaanza kuniita Redio. Mtu akifika anauliza, "Leo Redio imefungua?"

Mzee Chitanda alinionya mara moja tu. "Aneti, maabara ina macho mawili na sikio moja. Mdomo haumo." Nilimcheka.

Somoe aliletwa mwezi wa mabibo, amekaa mbele ya baba yake juu ya baiskeli, kichwa kimelala kwenye usukani. Malaria ilikuwa imemla damu. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama unga wa muhogo. Mzee Chitanda alikuwa amekwenda Masasi kufuata dawa za kupimia, nami nilikuwa peke yangu, na niseme ukweli, nilijisikia mkubwa sana.

Lazima mumjue baba yake. Alizaliwa Mnyambe, akaoa Kitangari, akahamia kwa mkewe, kama ilivyokuwa desturi ya watu wengi kule. Kwa Wamakonde, na hata kwetu Wamakua, watoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye sauti juu yao ni mjomba. Baba ni mgeni, anapendwa akipendeka. Baba Somoe alipendeka. Alikuwa anajulikana kwa kumbeba binti yake kila mahali, hata kwenye vikao vya wazee, mpaka shemeji yake Selemani, yaani mjomba wa Somoe, akawa anamtania kwamba amejifungua yeye.

Nikampima mtoto, nikampima baba, nikampima mama, nipate wa kumpa damu. Kupima kundi la damu si uchawi. Unaweka tone la damu kwenye kigae cheupe, unaweka tone la dawa, unatikisa polepole. Ikishikana vipunje kama maziwa yaliyoharibika, umepata jibu. Ya baba ilishikana upande wa A. Ya mama ilishikana upande wa B. Ya mtoto haikushikana popote: kundi O.

Baba Somoe alikuwa amesimama dirishani, mkono wa shati ameshaupandisha.

"Dada daktari, mbona hunitoi damu?"

"Yako haimfai, Baba Somoe. Wewe A, mtoto O. Ukimpa, mwili wake utaishambulia."

"Basi ya mama yake."

"Mama yake B. Nayo haimfai."

Akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri. "Sasa hiyo O kaitoa wapi, na sisi wote hatuna?"

Wajukuu zangu, katika miaka yangu yote hakuna aliyeniuliza swali zuri kuliko hilo. Jibu lake lilikuwa chuoni, kwenye daftari, ukurasa ambao niliusoma nusu kwa sababu kengele ya chakula ililia. Nusu niliyoisoma ilisema mtoto hurithi kundi la damu kutoka kwa wazazi wake. Nusu nyingine sikuifikia. Na benchi lilikuwa limejaa, na Redio haijui kunyamaza. Nikacheka, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa foleni: "Hilo kamuulize mama yake!"

Benchi likacheka. Halafu likaacha kucheka, kidogo kidogo, kuanzia karibu na dirisha kwenda mbali. Mama Somoe alikuwa ameketi hapohapo, mtoto mapajani.

Mjomba Selemani alifuatwa, akapimwa, akawa O, akatoa damu. Baba Somoe alisimama mlangoni mwa wodi akaitazama chupa ile mpaka ikakauka. Siku ya tatu Somoe alikaa kitandani akaomba mabibo, ndipo baba yake akapanda baiskeli, akapita nyumbani kuchukua panga na jembe lake, akarudi Mnyambe kwa mama yake mzazi.

Na hapa mnaona jinsi nusu ya sayansi inavyopatana na desturi ya watu vizuri kabisa, mpaka inatisha. Kwingine pengine mjomba angepiga kelele, angemtetea dada yake. Selemani alifurahi. Alipita kijijini akiwa na pamba mkononi palipochomwa sindano, akisema, "Aende tu. Mtoto ana mjomba. Si mmeona wenyewe damu imemkubali nani?" Watu wakaona ni kweli, wazee walisema tangu zamani kwamba mtoto ni wa kwa mama, leo hata kipimo kimesema. Hakuna aliyekwenda Mnyambe kumbembeleza Baba Somoe. Nilipomsikia Selemani nilitaka kumwambia kwamba chembe nyekundu ya damu huishi kama miezi minne tu, kwamba ifikapo wakati wa kupalilia hatakuwa na chembe yake hata moja ndani ya mwili wa Somoe. Lakini nilikuwa nimeanza kuuogopa mdomo wangu.

Wiki iliyofuata Mama Somoe alikuja dirishani. Siku ya kliniki, benchi limejaa. Alikuwa amevaa kanga safi, amejifunga vizuri, kama mtu anayekwenda barazani kushtaki. Akanisalimia, nikaitikia. Akasema, taratibu:

"Dada daktari, nimekuja unisaidie. Kipimo chako kinajua kwamba nimezini. Basi kiniambie na nani, maana mimi mwenyewe simkumbuki."

Hakuna aliyecheka. Nilitafuta pa kuficha uso, lakini hadubini ni nyembamba. Nilimwangalia yule mwanamke nikajua, bila kipimo chochote, kwamba hakuwa na kosa. Niliona aibu wakati ule na naiona leo ninapoandika.

Mzee Chitanda alirudi kesho yake. Alisoma daftari la majibu, akasikia habari yote kwa mpishi wa wagonjwa, kabla hata hajavua kofia, ambayo hata hivyo hakuwa akiivua. Sikupigiwa kelele. Alinipeleka nyuma ya jengo, kwenye mkorosho wa kituo, akaokota bibo la njano.

"Wewe ni mtoto wa Masasi. Ukipanda korosho ya bibo hili, utapata mti wa mabibo gani?"

"Haijulikani, mzee. Yanaweza kuja ya njano, yanaweza kuja mekundu. Ndiyo maana wataalamu wanatufundisha kubebesha miche, kuunga kitawi cha mti tunaoujua."

"Kwa nini haijulikani?"

Nikasema ndivyo tulivyoambiwa.

Akatoa mfukoni maharage manne, mekundu mawili na meupe mawili, akayapanga juu ya mchanga. Kila mtu, akasema, ana mafungu mawili ya damu, moja kapewa na baba, moja kapewa na mama. Huyu baba ana A na O. Huyu mama ana B na O. Lakini O, haya meupe, ni mpole, haina kelele. Ikikaa na A inanyamaza, kipimo kinasikia A tu. Ikikaa na B inanyamaza vilevile. Kila mzazi anampa mtoto fungu moja tu. Baba akitoa lile la kimya, na mama akitoa lile la kimya, mtoto anakuwa na O mbili. "Kwa hiyo," akasema, "kaitoa wapi? Kaitoa kwao wote wawili. Huyo ni mtoto wa baba yake na mama yake, hakuna cha ajabu kabisa."

Nikaanza kulia. Mzee Chitanda hakupenda machozi, aliona ni upotevu wa maji. "Neno ulilitoa wewe," akasema, "karudishe wewe."

Maji yakimwagika hayazoleki, na kwenye mchanga wa Newala hata huoni yalikomwagikia. Lakini nilikwenda Mnyambe. Nilidandia lori la mizigo mpaka lilipokwama, nikamalizia kwa miguu, mchanga unaingia kwenye viatu vyangu vya kazini kana kwamba unavimeza. Nilimkuta Baba Somoe shambani, anaokota korosho, na mama yake ameketi kando anazinyonga kuziachanisha na mabibo.

"Shikamoo mama. Shikamoo Baba Somoe."

"Marahaba," akasema mama yake. "Huyu ndiye Redio?"

Nikamweleza kila kitu, nikiwa nimepiga magoti, nimepanga maharage ya Mzee Chitanda mchangani. Baba Somoe alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuokota. Kisha akanyooka.

"Dada, siku ile ulikuwa na uhakika. Ulicheka kabisa. Leo una uhakika, unalia. Sasa nikuamini wewe wa lini?"

Dani, soma mstari huo mara mbili. Watu wanadhani wasiosoma ndio wanaoikataa sayansi kwa ujinga. Yule mtu aliikataa kwa akili. Nikatazama huku na huku kwa haya, nikaona karibu na njia mkorosho mchanga wenye mabibo mekundu, peke yake, na miti mingine yote pale ina mabibo ya njano.

"Ule mwekundu alipanda nani?"

"Mimi. Mwaka aliozaliwa Somoe. Korosho niliitoa kwenye huu hapa wa njano."

"Basi usiniamini mimi," nikasema. "Niambie, mkorosho wako ulizini na nani?"

Mama yake alianza kucheka akaangusha korosho zote. Alicheka mpaka akashika mbavu, akasema kwa Kimakonde maneno ambayo sikuyaelewa lakini yalimfanya mwanawe ageuke upande. Baba Somoe hakucheka. Aliutazama ule mti muda mrefu. Mwishowe akaniambia, "Nenda, dada, utachelewa." Nikaenda. Njia nzima nilijua nimeshindwa.

Msimu wa korosho ukaisha, mvua zikaja, watu wakapanda, wakapalilia. Somoe alikuwa anapita kituoni na mama yake wakienda shamba, ana mashavu, anakimbia. Kila akisikia kengele ya baiskeli anageuka. Nililiona hilo kwa dirisha lile mara nyingi, na nasema wazi kwamba liliniuma kuliko adhabu yoyote ambayo mwajiri angeweza kunipa.

Siku moja ya kliniki nikasikia kengele nikainua kichwa. Baba Somoe, na Somoe mbele yake juu ya baiskeli; alikuwa amemkuta njiani. Hakushuka.

"Dada daktari, mti nimeukubali," akasema. "Nimeukubali zamani. Lakini neno lile ulilisema kwa dirisha hili, benchi hili likacheka. Siwezi kuingia nyumbani kwangu mlangoni wakati neno bado liko hapa dirishani. Litoe."

Nilitoka nje, nikapanda juu ya benchi, nikawaomba watu wanisikilize. Nikasema mimi Aneti nilisema uongo. Nikasema Mama Somoe hana kosa, Somoe ni mtoto wa baba yake, na nikaeleza mafungu mawili, na O iliyo mpole, na bibo la njano na jekundu. Maharage nilikuwa nayo, niliyabeba mfukoni miezi yote ile. Watu walielewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi. Bibi mmoja akanyoosha mkono akauliza kama hesabu hiyo inafaa pia kwa mtoto anayefanana na jirani. Nikamwambia hilo halimo katika somo la leo. Benchi likacheka, na safari hii Baba Somoe naye akacheka, na kicheko chake kilinishusha mzigo mabegani.

Mama Somoe alimpokea. Lakini nilisikia alimpikia mlenda bila chumvi siku saba mfululizo, naye akala bila kuuliza. Mimi alinisamehe baada ya miaka miwili, alipopata mtoto mwingine. Alikuja dirishani akaniambia, "Huyu usimpime."

Kwa hiyo, Dani, ufute ule ujumbe wako. Na wewe wa "ngoja nikapime," mtazame mtoto wako ulale. Siku hizi vipo vipimo vinavyoweza kusema mzazi ni nani, vina wataalamu wake na utaratibu wake. Kundi la damu peke yake ni kwa ajili ya kumwokoa mgonjwa, si kwa ajili ya kuvunja nyumba. Ulimi hauna mfupa, na kidole cha kubonyeza simu kina mitatu, kwa hiyo huna hata kisingizio.

Bado moja. Mwaka wangu wa mwisho kazini nilikuwa katika hospitali moja hapa Masasi. Akaletwa mzee kutoka Kitangari, vidonda vya tumbo vimemtoa damu nyingi, viganja vyeupe kama unga wa muhogo. Alikuwa Baba Somoe, amekonda, ndevu nyeupe. Damu ya kundi A ilikuwa imekwisha kwenye friji. Nyuma ya kitanda chake alisimama mwanamke mnene mwenye kanga, mama wa watoto watatu, mkono wa gauni ameshaupandisha. Sikuhitaji kuuliza jina.

Sasa hii ndiyo ambayo benchi lile sikuliambia, maana nilikuwa bado sijaona maana yake. Damu ya A haiwezi kuingia kwa mtu wa O. Lakini damu ya O inaweza kuingia kwa mtu wa A. Haina alama ya kumchokoza mtu, ndiyo maana wakati wa dharura hupewa wengi. Ule mlango uliofungwa baba alipotaka kumpa binti yake, upande wa pili haukuwahi kufungwa. Chuma kinachoifanya damu hiyo iwe nyekundu kilipikwa ndani ya nyota zilizokufa kabla dunia haijakuwepo. Hiyo ni kweli, Dani, unaweza kuituma kesho.

Nilipima kwa mkono wangu mwenyewe, ingawa mashine ilikuwepo na vijana walikuwepo. Nilitikisa kigae nimevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Nikapatanisha damu ya mtoto na ya baba nione kama zitagombana, nikasubiri, nikatazama, nikatazama tena. Kisha nikabeba jibu mpaka wodini.

Baba Somoe alifumbua jicho moja. "Dada daktari," akasema, sauti imekwisha, "safari hii unasemaje?"

"Inakubali, Baba Somoe. Ya Somoe inakufaa."

"Sema kwa nguvu," akasema. "Foleni haijasikia."

Nikafungua mlango wa wodi, nikasema kwa sauti ya Redio, mpaka waliokuwa dirisha la dawa wakageuka.